Maadili kwa Kipimo cha Sketi

Hapa Arusha kuna sentensi utakayoisikia msibani, harusini, hata ndani ya kifodi kilichokwama foleni Kijenge: muziki umewaharibu watoto. Shangazi zangu wa Meru huisema huku mabega yakicheza kwa wimbo uleule unaolaumiwa. Nimechoka nayo, na leo naijibu.

Kwanza, si hoja mpya. Miaka ya 1920 huko Marekani, jazz ilipokwisha kutoka New Orleans ikafika Chicago na New York, wasichana walikata nywele, wakafupisha magauni, wakacheza hadi usiku wa manane. Wahubiri na magazeti wakalia kwamba taifa limekwisha. Mwaka 1921 jarida kubwa la akina mama lilichapisha makala iliyohusisha jazz na dhambi. Leo nchi hiyohiyo inajivunia jazz mbele ya dunia nzima.

Jina hilo lilivuka bahari likatufikia. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930. Baadaye, hapa kwetu, ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga waliunda Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Walichopiga kilikuwa rumba zaidi, lakini neno "jazz" lilimtangaza mtu kuwa ni wa kisasa.

Kisasa hicho kiliwatia hofu wakubwa. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi ni marufuku. Dar es Salaam, wasichana walishambuliwa hadharani hata kabla tarehe hiyo haijafika. Novemba 1969 ikawa zamu ya muziki wa soul. Sababu iliyotolewa: mambo haya si ya Kiafrika.

Miaka hiyohiyo, katika mkoa wetu wa Arusha, Wamasai walishinikizwa kuacha lubega na kuvaa nguo za "kistaarabu". Aliyekaidi aliweza kukataliwa kupanda basi. Sababu iliyotolewa: vazi lake limepitwa na wakati, linalitia taifa aibu.

Ziweke amri hizo mbili pamoja. Binti wa Kariakoo alikosea kwa kuwa wa kisasa mno, na morani wa Monduli akakosea kwa kutokuwa wa kisasa. Aliyewaamuru wote wawili alivaa suruali, vazi lililokuja na meli, na hakuna aliyemuuliza asili yake. Kilichotafutwa hapo kilikuwa utii wa wale wasioweza kujibu, nao utamaduni ukatumiwa kama fimbo.

Vijana wa mji huu walijibu kwa njia yao. X Plastaz walianza hapa Arusha mwaka 1996, wakaimba hip hop pamoja na Merege, mwimbaji wa Kimasai, na mwaka 2004 ikatoka albamu yao *Maasai Hip Hop*. Shuka iliyokuwa ikifukuzwa mabasini ilipanda majukwaa ya Ulaya. Hawakuhitaji waraka wa serikali kuwafundisha kuwa Waafrika na kuwa wa kisasa kwa wakati mmoja.

Utaniambia nyimbo za siku hizi zina matusi. Zipo. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na si kila aliyeshangilia alikuwa mnafiki. Wimbo ukimdhalilisha mwanamke, mseme msanii kwa jina, bishana naye, zima redio. Mimi pia nazima.

Lakini nimeona stendini hapa mjini binti akizomewa kwa sababu ya gauni lake hadi akajifunga kanga aliyoazimwa na muuza ndizi. Waliozomea walikuwa wanaume wazima, wenye watoto nyumbani. Hakuna wimbo uliowatuma. Walijiona walinzi wa maadili, kama wale wa 1968.

Kwa hiyo wazee wangu, mkiniambia tena kwamba muziki umewaharibu watoto, nitawaomba mnitajie mtoto na kosa lake. Akiwa ameiba au amempiga mtu, tukae tuzungumze. Kosa likiwa ni gauni, mimi nitasimama upande wa muuza ndizi.