Tusingoje Mpaka Mguu Uteguke

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme maneno machache juu ya tiba ya viungo, ambayo hospitalini huitwa fiziotherapia. Najua kwamba wanafunzi wengi wakilisikia jina hilo hudhani ni kazi ya kuwakanda watu waliochoka, au ni anasa ya wachezaji wakubwa tunaowaona katika televisheni, ambao wakianguka hukimbiliwa na mtu mwenye mkoba na chupa ya maji. Mimi sikubaliani na mawazo hayo. Naona elimu hii yatuhusu sisi tunaokaa Nakivale kuliko inavyowahusu wao.

Na tutazame jinsi tunavyoishi. Makazi haya, yaliyo katika wilaya ya Isingiro, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwa ya watu waliokimbia kutoka Rwanda, na ni katika makazi ya kale kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu laki moja, na karibu wote twaishi kwa nguvu za mwili. Serikali ya Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi, lakini kipande hicho hakijilimi. Tena mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi katika makundi kwa kadiri ya shida zao, na wengi wakapunguziwa mgao. Mtu wa ofisini akiteguka kifundo cha mguu hukaa kitini akaendelea kuandika. Mkulima wa Juru au Rubondo akiteguka wakati wa kupanda, msimu wote umepotea, na mtoto wake hurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Nitatoa mfano mmoja. Kijana tuliyekuwa tukicheza naye mpira alivunjika mguu chini ya goti. Alipelekwa katika kituo kimoja cha matibabu, akafungwa plasta kuanzia pajani hata miguuni, na mfupa ukaunga sawasawa. Siku ya kukatwa plasta akaambiwa, "Umepona, nenda nyumbani." Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yote. Hapana mtu aliyemwonyesha namna ya kulikunja goti tena, wala namna ya kurudisha nguvu katika paja lililokuwa limekonda kama la mtoto mdogo. Kila akijaribu kukanyaga aliumia, na kwa kuwa aliumia aliogopa, na kwa kuwa aliogopa goti likazidi kukakamaa. Leo huchechemea. Hawezi kuchuchumaa kupalilia maharage, na mpira ameacha. Mfupa wake umepona, mguu haukupona.

Jambo hilo lingeweza kuepukwa bila ya dawa yoyote ya bei kubwa. Msuli usiotumika hupungua upesi, hata kwa wiki chache tu, na kiungo kisichokunjwa hukaza. Kwa hiyo mtaalamu wa tiba ya viungo hangoji plasta ikatwe. Mgonjwa akiwa bado kitandani huambiwa achezeshe vidole na kuukaza msuli wa paja ndani ya plasta, ahesabu mpaka tano, aulegeze, aanze tena. Plasta ikitoka, hufundishwa kukunja goti kidogo kidogo, kisha kuukanyagia mguu nusu ya uzito akiwa na magongo, kisha kuacha gongo moja, kisha kusimama kwa mguu mmoja. Huambiwa pia maumivu gani ni ya kawaida na yapi ni ya hatari, na hili nadhani ndilo kubwa kuliko yote, maana hofu huwalemaza watu wengi. Hapa hapana chupa wala sindano. Ni kazi, tena mwenye kuifanya ni mgonjwa mwenyewe.

Watu wetu wengi humwendea mganga wa mifupa wa kienyeji. Sitawacheka. Mganga huyo yu karibu, lugha yake yajulikana, hupokea hata kuku, na huja kumtazama mgonjwa wake kila asubuhi, jambo ambalo hospitali yenye foleni ndefu haiwezi. Lakini kufunga banzi kwa kukaza mno huzuia damu, na kiungo kikikosa damu hufa na kukatwa; na kuvuta palipovunjika bila ya kupigwa picha kwanza ni kubahatisha. Laiti tungepata maarifa ya hospitali pamoja na ile desturi ya kumtembelea mgonjwa kwake!

Wala elimu hii si ngeni katika Uganda. Huko Uingereza chama cha kwanza cha kazi hii kiliundwa na wauguzi wanne mwaka 1894. Hapa kwetu, katika miaka ya 1960, daktari wa mifupa Ronald Huckstep wa Mulago na Makerere aliona watoto wengi waliopooza miguu kwa maradhi ya polio wakitambaa chini. Hakungoja vifaa vya ghali kutoka ng'ambo. Vyuma vya miguu, magongo na viatu vilitengenezwa hapa hapa kwa vitu vya bei nafuu, na kliniki zikapelekwa mikoani. Polio ya asili imekwisha katika Afrika, kama ilivyothibitishwa mwaka 2020, lakini njia yake ya kazi yafaa bado: vifaa rahisi, tena karibu na mgonjwa.

Sasa twendeni Mbarara. Mjini hapo pana hospitali kuu ya rufaa, na pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, ambacho hufundisha shahada ya fiziotherapia. Maana yake elimu ninayoisema haiko London wala Kampala. Iko mwendo mfupi wa gari kutoka hapa. Walakini kwa mtu mwenye magongo mwendo huo si mfupi. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna vumbi, kuna siku nzima ya kazi iliyopotea, na tiba hii haimalizwi kwa safari moja. Mgonjwa huenda mara ya kwanza, mara ya pili hukopa nauli, mara ya tatu hukaa nyumbani. Wanaosema "wagonjwa hawa ni wavivu, hawarudi" wangejaribu kwanza kupanda bodaboda na mguu ulionyooka.

Kwa sababu hiyo nasema elimu yenyewe ndiyo ifunge safari, na ianze kabla ya kuumia. Kuna mazoezi ya kupasha mwili moto yaliyotungwa chini ya shirika la mpira la FIFA, ambayo huchukua dakika 20 na hayahitaji chombo ila mpira. Wachezaji hukimbia polepole wakigeuza nyonga. Kisha hulala kifudifudi wakajiinua kwa viwiko. Husimama kwa mguu mmoja. Hupiga magoti, mwenzao akawashika vifundo, wakajishusha mbele taratibu ili misuli ya nyuma ya paja ipate nguvu. Kisha huruka na kutua, magoti yakielekea mbele, yasiingie ndani. Mwisho hukimbia kwa kasi na kugeuka ghafula. Mazoezi hayo yalijaribiwa Lagos, Nigeria, kwa vijana 416 wa timu 20, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014: timu zilizoyafanya zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko zile zilizojipasha kwa desturi yao. Sio Ulaya hiyo, ni Afrika, na vijana wa umri wetu.

Hapa dada zetu wa netiboli wasikilize zaidi, maana wasichana huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, hasa wanapotua vibaya baada ya kuruka. Kano hiyo ikikatika, aghalabu haiungi yenyewe. Kutua vizuri ni jambo la kufundishwa, kama vile hesabu.

Huenda msomaji akasema, "Sisi twafanya kazi tangu alfajiri, tuna haja gani ya mazoezi?" Swali hilo ni la haki. Lakini kazi hutumia misuli ile ile kwa njia ile ile. Anayelima huinama mbele siku nzima na hapana saa anayojinyoosha nyuma. Anayebeba maji huufanya mgongo uchukue mzigo ambao mapaja yangeuchukua. Jerikani ya lita 20, ambayo Wakongo huiita bidoni, ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na watoto wa darasa la nne huibeba kila siku. Mtaalamu hatamwambia mtoto asichote maji, kwa kuwa nyumba haina maji. Atamwambia achukue jerikani mbili za lita 10, moja kila mkono. Apige magoti kidogo anapoinua. Mzigo aushike karibu na mwili. Na akitaka kugeuka ageuze miguu, sio kiuno. Kwa mlimaji, mpini mrefu kidogo wa jembe humpunguzia kuinama.

Na juu ya maumivu ya kiuno: Shirika la Afya Duniani limesema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Wengi wetu dawa tunayoijua ni kulala, au kununua mkanda wa kiunoni sokoni. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Likasifu mafunzo na mazoezi, na mikanda halikuikubali. Bila shaka mwenye kiuno kinachouma pamoja na miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo asifanye mazoezi ya nyumbani, bali akimbilie hospitali siku ile ile.

Maombi yangu basi ni haya. Walimu wetu wa michezo waandike barua Mbarara, wawaalike wanafunzi wa fiziotherapia waje Jumamosi moja katika kila muhula, wawafundishe manahodha wa timu zetu zote, wavulana na wasichana, nao manahodha watufundishe sisi. Pili, vituo vya matibabu vimpe kila anayekatwa plasta karatasi moja yenye picha za mazoezi manne au matano, na maneno yake yawe ya Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali, kwa kuwa Kiingereza cha hospitali hakisomwi na mama zetu. Sisi wa kidato cha tatu twaweza kuifasiri na kuichora bila malipo.

Karatasi hiyo ikichelewa, zile dakika 20 hazina haja ya kungoja barua ya mtu. Timu hushuka uwanjani saa kumi na nusu jioni, na kwa kawaida robo saa ya kwanza hupita tukigombania nani atavaa jezi zipi.