Riziki Haitoki kwa Tundu la Choo

 

Ndugu Waislamu wa Mbeya na Iringa, ushirikina wa kale umetujia majumbani kwa vazi jipya. Kwa njia ya simu yanasambazwa mafundisho ya Kichina yaitwayo fengi shui, maana yake "upepo na maji". Yanadai kuwa choo kikiwa kona ya kusini-mashariki ya nyumba huimeza mali ya mwenyewe, na mfuniko ukiachwa wazi fedha hutoka pamoja na maji machafu. Dawa yake, wanasema, ni kioo mlangoni, bakuli la chumvi sakafuni na mche wa kijani dirishani.

Msidhani hili ni geni. Mganga anayeitwa kuzindika nyumba Mwanjelwa au Kihesa, akafukia kichupa penye kizingiti na kunyunyiza chumvi ya mawe bafuni, anauza bidhaa ile ile. Ajabu ni kuwa huko China kwenyewe, utawala ulioshika nchi mwaka 1949 uliyapiga vita mafundisho haya na kuyaita ushirikina. Nasi tuliopewa Tauhidi ndio tunaoyaokota!

Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.), katika Sunan ya Abu Daud, kuwa kuamini mkosi ni shirki. Anayeamini kuwa kona ya nyumba inazuia au kuleta riziki amekipa kiambaza sifa ya Ar-Razzaq. Wala asiseme mtu kuwa bakuli la chumvi halimdhuru yeyote. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto wadogo waliuawa Njombe, mkoa uliokuwa sehemu ya Iringa hadi 2012, na viongozi wa Serikali walisema wazi kuwa imani za kishirikina za kutafuta utajiri zilihusika. Chumvi si damu, hilo twalijua. Lakini moyo uliokwisha kukubali kuwa utajiri unavutwa kwa vitu, nani ataupangia kikomo cha vitu hivyo?

Wapo watakaouliza: mbona Uislamu nao umeweka mwelekeo wa choo? Swali zuri. Katika Hadithi ya Abu Ayyub (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kuelekea Kibla au kukipa mgongo wakati wa haja, akaamrisha kuelekea mashariki au magharibi. Madina iko kaskazini ya Makka, nasi tuko kusini yake, kwa hiyo maneno hayo yanatufaa sisi kama yalivyowafaa wao. Kibla chetu ni kaskazini, kikiinamia mashariki kidogo, kama nyuzi 8 Iringa na nyuzi 12 Mbeya. Lakini tazameni sababu: ni kuitukuza Nyumba ya Allah, si kuzuia fedha zisitoke. Abu Ayyub anaeleza kuwa walipofika Sham walikuta vyoo vimejengwa kuelekea Kibla, wakawa wanageuka pembeni na kumwomba Allah msamaha. Hawakutundika kioo.

Imam Shafi'i ameruhusu jambo hilo ndani ya majengo kwa Hadithi ya Ibn Umar (r.a.), aliyemwona Mtume akijisaidia hali ameelekea Sham, Kibla kikiwa nyuma yake. Hivyo asivunje mtu choo chake kwa pupa. Ila anayejenga leo, kulijenga sinki upande ulio salama hakumwongezei hata tofali moja.

Na kama khofu yetu ni majini, tumeshafundishwa dua ya kujikinga kwa Allah kabla ya kuingia, kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Watoto wa madrasa zetu wanaijua. Wazazi wao ndio wanaouliza habari za chumvi. Kubaya zaidi ni kutundika aya za Qur'ani chooni kama kinga. Huko si kuiheshimu Qur'ani, ni kuitweza.

Lililo zito chooni ni lile tunalolipuuza. Mtume (s.a.w.) alipita penye makaburi mawili, akaeleza kuwa mmoja wa waliozikwa pale anaadhibiwa kwa kutojihadhari na mkojo. Ziko nyumba zenye kioo cha kufukuza mkosi, na kopo la kutawadhia halina maji! Akakataza pia kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia mahali watu wanapoteka maji. Huku kwetu, hasa Rungwe kwenye mvua nyingi, shimo lililochimbwa vibaya hujaa, na uchafu wake hupenya ardhini hadi kwenye chemchemi na visima. Mwenye kichupa kilichofukiwa na akifukue leo akitupe. Na fundi akija kuchimba shimo, aulizwe Kibla kiko wapi, kisha aoneshwe kisima cha jirani kilipo, kabla hajapiga jembe la kwanza.