Vijana wa Kibombo: washa ulinzi wa Chrome kabla ya kufinya linki nyingine



Linki ilifika kwenye grupu ya WhatsApp saa ya magharibi, wakati ule network inarudiaka kidogo. Ilikuwa na alama ya shirika moja kubwa la misaada na Kifaransa safi, bila kosa. Wanatafuta vijana wenye diploma kwa kazi ya uchunguzi katika Maniema, miezi sita, mshahara kwa dola. Mimi niko na diploma ya chuo kikuu tangu miaka miwili, kazi hakuna. Nimepeleka dosie mpaka nimechoka kulipa fotokopi. Nilifinya.

Ukurasa uliuliza jina, mwaka wa kuzaliwa, picha ya karte ya mpiga kura. Kisha namba ya simu, eti kwa kunitumia pesa ya usafiri. Kisha namba zilizofika kwa SMS. Na chini kabisa, namba ya siri ya makuta ya simu. Leo naandika hii naona haya, lakini siku ile nilijaza yote. Asubuhi pesa ambayo dada yangu alituma kutoka Kindu kwa dawa ya mama haikuwepo tena. Mama wa kabini aliangalia simu yangu, akaangalia sura yangu, akasema tu: "Mwanangu, makuta ilishaenda."

Haya ya pili ndiyo inanifanya niandike. Chrome yangu ilikuwa na ulinzi dhidi ya kurasa za namna ile. Ulikuja nayo tangu mwanzo. Mimi mwenyewe niliuzima, juu rafiki mmoja aliniambia kwamba unakula mega. Kama ungekuwa wazi, je, ungenizuia siku ile? Sitajua kamwe. Lakini nilikuwa nimefukuza mlinzi mlangoni kwa sababu ya mega ambazo hata hazifiki za video moja ya TikTok.

Basi tueleze, juu wengi wetu tunatumia simu kila siku bila kuingia hata mara moja kwenye mipangilio yake.

Google wana orodha kubwa ya kurasa zinazojulikana kuwa za wizi au za virusi, na Chrome inalinganisha anuani unayofungua na orodha hiyo. Ikiipata humo, badala ya ukurasa wa mwizi unaona ukurasa mwekundu unaokuambia urudi nyuma. Ni hiyo tu, si uchawi. Kwa kuangalia kama ulinzi uko wazi: fungua Chrome, finya vile vidoti vitatu vya juu, ingia kwenye "Paramètres", kisha "Confidentialité et sécurité", kisha "Navigation sécurisée". Utaona njia tatu. Kama alama iko kwenye "Aucune protection", uko kama mimi nilivyokuwa. Iondoe pale leo.

Zinabaki mbili, na hapa vijana wa harakati tunapaswa kufikiri kidogo. "Protection renforcée" ina nguvu zaidi, lakini inatuma kwa Google anuani za kurasa unazotembelea na habari nyingine ili wazichunguze. "Protection standard" kwa kawaida haiwapi Google anuani yenyewe: tangu 2024 inaangalia papo hapo, lakini anuani inafichwa kwanza na kinachotumwa ni kipande tu cha alama yake. Mtu ambaye shida yake kubwa ni linki za wizi, mama anayepokea na kutuma makuta kwa simu, tunamwambia achukue "renforcée". Mwenye kuogopa macho mengi juu ya kazi yake ya uraia abaki kwenye "standard". Mimi niko kwenye "standard". Lakini hakuna sababu hata moja ya kubaki bila kitu.

Kwa wenye iPhone, ambao Kibombo si wengi (tunawajua wote), iko kwenye Réglages, upande wa Safari, kwenye onyo la tovuti za udanganyifu.

Sasa ukweli mwingine, ili mtu asije kutulaumu kesho. Ulinzi huu haukamati kila kitu. Google wenyewe walisema mwaka 2024 kwamba ukurasa wa wizi, kwa wastani, hauishi hata dakika 10. Mwizi anafungua, anakula, anafunga, anafungua mwingine. Ndiyo maana Chrome ya zamani ni shida: simu tunazonunua za mkono wa pili mara nyingi zina Chrome ambayo haijafanyiwa mise à jour tangu mwenye wa kwanza, na memori imejaa, haikubali tena. Futa video za grupu kwanza, kisha fanya mise à jour. Tena simu nyingine zinafungua linki kwenye kivinjari kingine kilichokuja nazo, si Chrome. Angalia ni kipi kinafunguka unapofinya, na kama hakina ulinzi, badilisha. Na mtu anayekupigia simu akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu, huyo hapiti kwenye Chrome hata kidogo. Kwake dawa ni kukata simu.

Kwa sisi wenye kutafuta kazi: mwizi anajua tunachokosa. Ndiyo maana linki zake zinazungumzia kazi, mega za bure, kulipiwa masomo Ulaya. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaandika wazi kwamba hayaombi pesa hata franga moja katika hatua yoyote ya kuajiri. Na hakuna muajiri duniani anayehitaji namba yako ya siri ili akupe kazi.

Na Leta? Tusisahau RAM. Kuanzia Septemba 2020 inite zetu zilikatwa, na mwenye simu ya 4G alihesabiwa mpaka dola 7 kwa mwaka. Tuliambiwa ni kwa kupambana na simu za bandia na za wizi. Wananchi walipiga kelele mpaka ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Mwaka 2023, tarehe 13 Machi, ikatoka sheria, Code du numérique, yenye sehemu nzima juu ya makosa ya mtandaoni. Vizuri. Lakini mtu wa Kibombo aliyeibiwa makuta ya dawa aende wapi na sheria hiyo? Nani atampokea, kwa dawati gani? Tunauliza ARPTC jambo dogo tu: kampuni za simu zinatutumia SMS za promosio asubuhi na jioni. Zilazimishwe kutuma pia SMS moja kwa wiki ya kuonya juu ya linki za wizi, kwa Kiswahili, si Kifaransa peke yake.

Juu hapo ndipo mama zetu wanaanguka. Onyo jekundu kwa Kifaransa, kwa mtu asiyekisoma, ni rangi tu. Chrome inakubali kuwekwa kwa Kiswahili, kwenye "Langues". Ni Kiswahili cha Nairobi, siyo chetu cha Maniema, na kuna maneno tutacheka. Mama yangu alicheka. Lakini anasoma.

Jumamosi hii asubuhi tutakuwa karibu na gare, chini ya mti, na simu zetu. Leta yako, ya mama, ya koko, ikiwa na chaji. Tutawasha ulinzi, tutaweka Kiswahili kwa anayetaka, bila kulipa. Mwenye simu ataishika yeye mwenyewe, sisi tunaonyesha kwa kidole. Mtu yeyote akikuomba namba ya siri kwa jina letu, hata akivaa tisheti yetu, piga kelele.