Shauri kwa Vijana: Sauti ya Zamani na Pedali ya Leo



Kisha mazoezi ya kwaya, mara nyingi vijana wananingoja kwa mulango. "Pasta, tunataka gitare yetu itoe ile sauti ya santuri za wazee. Tununue pedali gani?" Ulizo ni zuri. Lakini feza ya kwaya ni feza ya watu wengi. Mama anayeuzisha mboga ametia mkono wake pale, na baba anayetoka kazi ya usiku vilevile. Basi tusikimbie duka.

Kwaya moja ilichanga mwaka muzima. Wakapata pedali ya kuongeza oktavu, tena si mupya. Kule duka mupiga gitare akagusa kamba moja: sauti ikatoka nzuri sana. Nilikuwa pamoja nao, nami nikasifu. Siku ya mazoezi akapiga akordi: sauti ikavunjika, ikaguguma kama redio isiyokamata. Juu ya nini? Pedali haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa kusikia noti moja kwa mara moja, na sisi hatukuijaribu na akordi. Kosa lilikuwa letu, na langu pia.

Kwa hiyo jiulize kwanza: sauti ya zamani gani? Maana zamani ni nyingi. Katika mwaka 1967 Jimi Hendrix alipiga solo ya "Purple Haze" na pedali Octavia, iliyotengenezwa na Roger Mayer. Ile inapandisha noti oktavu moja na kuikwaruza pamoja. Ni nzuri kwa solo. Kwa wimbo wa kwaya itakusumbua.

Wengine wanatafuta gitare ya kamba 12. George Harrison wa Beatles aliipiga kwa "A Hard Day's Night" mwaka 1964, na Roger McGuinn wa Byrds akaifuata mwaka 1965. Siri yake ni hii: kila kamba iko na mwenzake. Mi ya chini, La, Ré na Sol, mwenzake anaimba oktavu moja juu. Si na Mi ya juu, mwenzake anaimba noti ile ile. Hata ukizikaza vizuri hazilingani kabisa, na ile tofauti ndogo ndiyo inafanya sauti ing'ae.

Pedali za leo zina kompyuta kidogo ndani. Inakata sauti vipande vidogo, inavipandisha, halafu inaviunganisha. Whammy ya DigiTech ilitoka mwaka 1989. Ile ya kizazi cha tano, ya mwaka 2012, iko na nafasi ya akordi. POG ya Electro-Harmonix, ya mwaka 2005, inasikia akordi nzima. Ndugu yake mudogo, Micro POG, iko na vifungo vitatu tu: sauti yako mwenyewe, oktavu ya chini, oktavu ya juu. Kwa kutafuta kamba 12, funga ile ya chini, na fungua ya juu kidogo tu. Kidogo, nasema! Pedali haijui kuchagua kamba. Inapandisha hata Si na Mi, na ukizidisha utasikia filimbi, hapana gitare.

Ukifika duka, fanya hivi. Piga akordi ya kamba sita, uiache ilie mpaka mwisho. Ikitetemeka vibaya, rudisha pedali pale ilipotoka. Kisha piga mbio: kama oktavu inachelewa nyuma ya kidole, iache. Tazama tena umeme wake. Nyingi zinaomba volti 9, na ncha ya katikati iwe hasi. Zingine hazina hata nafasi ya pile, basi zinataka adaptateri yake. Umeme wa kwetu unajua kukatika katikati ya wimbo. Yule mwenye pedali ajue kupiga bila pedali.

Sasa sikieni shauri langu. Wazee wetu wa rumba, zamani sana, walipata sauti hii bila kompyuta. Wanaiita mi-composé. Wanatoa kamba ya nne, ile Ré nene, na pale wanatia kamba nyembamba ya Mi ya juu. Wanaikaza kuwa Ré, lakini oktavu moja juu ya ile ya kwanza. Ré ya kawaida inatetemeka mara 147 kwa sekunde. Hii mupya inatetemeka mara 294. Haitakatika, maana Mi yenyewe ni mara 330: umeilegeza tu kidogo. Sasa Ré inaimba katikati ya Si na Mi, na akompa yako inang'ara mara moja. Ukiwa na gitare ya pili kwaya, itengeneze vile, na uiache ile ya kwanza ipige kawaida. Feza ya kutumia: kamba moja.

Sisemi pedali ni mbaya. Mwenye kupiga solo leo na akompa kesho, pedali nzuri itamusaidia, maana anaifunga na kuifungua kwa muguu, na kamba haiwezi vile. Lakini jaribuni kamba kwanza, mwezi mmoja, pamoja na kwaya yote. Mukiona sauti muliyotafuta ndiyo hii, feza ya wamama ingali kwa sanduku. Mukiona haitoshi, mutaenda duka na masikio yanayojua kile yanatafuta, na hakuna muuzaji atawadanganya na noti moja.

Kaeni na amani. Mwezi ujao tutaendelea.