Wepesi si Udhaifu: Somo la Gari la Jua

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na mahubiri, wala hakiwezi kuubeba uhandisi. Dai hilo nitalipima kwa mizani ya gari la mashindano liendeshwalo kwa nguvu za jua.

Tangu mwaka 1987 magari ya aina hii yamekuwa yakishindana nchini Australia, kutoka Darwin hadi Adelaide, mwendo wa takribani kilomita 3,000. Mnamo 2019, gari la daraja kuu lenye seli za silikoni liliruhusiwa mita 4 za mraba tu za seli hizo. Eneo hilo, jua likiwa la utosini, huzalisha takribani kilowati moja. Birika la umeme huweza kula maradufu ya hiyo. Ndiyo maana uzito ni adui: ukizidi, ukinzani wa magurudumu nao huzidi.

Je, mhandisi hupunguzaje uzito bila kulidhoofisha gari? Huchunguza mzigo unapita wapi. Ubao ukipindwa, uso mmoja huvutwa, wa pili hubanwa, na katikati hapana kazi kubwa. Kwa hiyo nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi huwekwa nje, pande zote mbili, zikawa ngozi. Ndani hutiwa kiini chepesi chenye vyumba mithili ya sega la nyuki. Kadiri ngozi hizo zinavyotenganishwa, ndivyo kipande kinavyokuwa kigumu kupindika, ilhali uzito hauongezeki sana. Mwanzi nao una uwazi ndani, na vifundo vyake huuzuia usibonyee.

Tazama basi: ngozi, kiini, sega, kuvutwa, kubanwa. Maneno haya yote yamo vinywani mwetu. Palipokosekana neno, kama kaboni, tumekopa bila haya.

Kwa maoni yangu, istilahi nayo iundwe kama kipande cha gari hilo: ibebe maana kamili kwa uzito mdogo. Istilahi ndefu isiyotamkika hufia kamusini. Tuache kuziunda tukiwa maktabani pekee. Twende karakana za wenzetu wa uhandisi, tuulize kila kipande kinafanya kazi gani, ndipo tukipe jina. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya. Hata hivyo, hadhi isiyotumika ni gari lisilo na magurudumu.