Tahariri: Jumamosi ya Darubini

Matembezi yetu ya kutazama ndege katika Arboretum ya Nairobi yalizua manung'uniko kabla hata hatujatoka. Wapo waliouliza kwa nini Watanzania wenye akili timamu waache nyama choma ya Jumamosi, waamke alfajiri kwenda kukodolea ndege macho, kazi ya wazee wa Kizungu wenye kofia pana. Tuliokwenda tumerudi na msimamo: matembezi haya yaingie kwenye ratiba ya jumuiya yetu ya Watanzania wa Nairobi, na yasigeuzwe pikiniki.

Hilo la wazee wa Kizungu tulimalize haraka. Matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 na hadi leo yanasimamiwa na Nature Kenya, chama chenye asili yake mwaka 1909. Ukienda utakuta vijana wa chuo na waongoza watalii wanaonoa macho na masikio yao. Kasoro yake kwetu ni siku tu: Jumatano wengi wetu tuko ofisini au dukani. Ndiyo maana tulichagua Jumamosi, na tukachagua mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu kutoka katikati ya jiji.

Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, ipatikane kuni za kuendeshea treni. Treni zikaacha kuni, miti ikabaki, na ndege wakahamia. Wa kwanza kutusimamisha alikuwa kunguru. Sisi tuliozoea kunguru wa Dar es Salaam na Zanzibar, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka India, tulimshangaa huyu wa Nairobi mwenye kifua cheupe, kama karani aliyevaa shati la kazini. Baadaye kidogo, juu ya mti, tukaona shorobo. Akitulia ni ndege wa kijani na buluu asiyejitangaza. Akiruka, mabawa yanafunguka mekundu na watoto wanapiga kelele. Walipiga. Kima nao walikuwepo, lakini walivutiwa zaidi na mifuko yetu kuliko na mazungumzo yetu.

Aliyetupa la kufikiri ni kwarara. Kila anayeishi Lavington, Kileleshwa au Kilimani anamjua, hata kama hajui jina lake: ndiye anayepita juu ya mapaa alfajiri akipiga ukelele wa kuamsha mtaa mzima. Anaishi kwa kuchokoa udongo laini na mdomo wake mrefu akitafuta minyoo na wadudu. Nyumba za zamani za mitaa hiyo zilikuwa na bustani pana, na bustani hizo zilimlisha. Leo nyingi zimebomolewa, na penye nyasi pamemwagwa zege, yakasimama maghorofa. Wapangaji wa maghorofa hayo ni nani? Tumo. Hatuwezi kulalamikia ukosefu wa nafasi ya watoto kucheza huku tukidhani kwamba habari za miti ni siasa za wenyeji. Novemba 2020 mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way, pale Westlands, ulinusurika kuondolewa kupisha barabara ya juu kwa sababu watu walipaza sauti mpaka rais akaamuru uachwe. Mti ule ulikuwa na watu waliouzoea kwa macho kabla ya kuutetea.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tutaleta nini? Tangu mwaka 2013 Kenya ina mradi wa Kenya Bird Map, unaochora ramani ya ndege wa nchi nzima. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa takriban kilomita tisa, na mtu yeyote anaweza kutuma orodha yake kwa programu ya simu. Orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutazama kwa makini na uaminifu wa kutoandika ndege usiyemjua. Saa mbili tunazo. Huwa tunazimaliza tukisubiri mkutano uanze.

Kuna mwenzetu alitaka tuandike hapa kwamba ndege wanaokuja kutoka Ulaya kila Oktoba ni wahamiaji kama sisi. Tumekataa. Keremkerem halipii kibali cha kazi.

Kwa kamati tuna mapendekezo. Mfuko wa sherehe ununue darubini chache za jumuiya pamoja na kitabu cha ndege cha kuazimana. Jumamosi moja ya kila mwezi itengwe, na safari ijayo iwe ya Msitu wa Ngong Road, pamoja na mwongozaji wa kulipwa, kwa sababu humo macho yetu peke yake hayatatosha. Watoto waje, redio zibaki nyumbani. Wanaotaka nyama wataikuta mchana, tukishamaliza orodha.