Faili Mbili za Mgonjwa Mmoja

Kisa cha kwanza cha Ukimwi kiliporipotiwa nchini Kenya mwaka wa 1984, hakuna aliyedhani kwamba siku moja tungejadili uzee wa walioambukizwa. Hata ugonjwa huo ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, swali lililotukera lilikuwa mayatima watalelewa na nani. Tangu mwaka wa 2006 dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma, nazo zimewafikisha wengi kwenye umri wa kustaafu. Walimu wenzangu wamo.

Hata hivyo, insha ninazosahihisha kila muhula zingali zinamkondesha mgonjwa na kumzika katika aya ya mwisho. Mtu anayemeza dawa zake sawasawa leo husumbuliwa zaidi na shinikizo la damu, kisukari, figo na moyo, kama wazee wengine. Tofauti ni kwamba maradhi haya aghalabu humwandama mapema. Virusi, hata vikidhibitiwa, huuacha mwili katika hali ya mwasho wa ndani usiokoma, ambao huichakaza mishipa ya damu. Kwa wanawake, hatari ya saratani ya mlango wa kizazi ni takriban mara 6 ya ile ya wasio na virusi. Tena wapo walioanzishiwa stavudini miaka ile, dawa iliyowaachia ganzi ya miguu.

Linaloniudhi ni jinsi tunavyowahudumia. Namfahamu mwalimu wa miaka 57 mwenye faili mbili. Ya Ukimwi iko katika kitengo chake, ya kisukari iko kliniki nyingine, siku nyingine. Huko kwenye kisukari hasemi lolote kuhusu ile ya kwanza, kwa sababu foleni ni ndefu na masikio ni mengi. Sasa tazameni hatari yake. Dolutegraviri, dawa inayotumiwa na wengi nchini, huongeza kiwango cha metformini mwilini. Kwa hivyo daktari hushauriwa asizidishe miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Daktari asiyejua atapunguzaje?

Halafu kuna suala la fedha. Dawa za virusi hupewa bure, ila tembe za shinikizo la damu mara nyingi huzinunua mwenyewe. Ni ajabu kumwokoa mtu na kifo kimoja kwa gharama kubwa, kisha kumwacha apooze kwa kukosa tembe ya shilingi chache.

Nimeambiwa kwamba huku ni kuwadekeza watu fulani ilhali wazee wote wana shida. Siafiki. Mashine ya kupima shinikizo ni ile ile, na muuguzi ni yule yule. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2023, uliohusisha watu 7,769 wenye virusi katika mataifa 12, jirani zetu Uganda wakiwemo, ulionyesha kuwa tembe moja ya kila siku ya kupunguza lehemu iliwapunguzia matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Wa kuwapa tembe kama hiyo ni nani, ikiwa kitengo kimoja hutazama virusi tu na kingine hakina habari navyo?

Tangu Marekani ilipokata misaada mwaka wa 2025, kuunganisha huduma hizi kumekuwa jambo la lazima. Naunga mkono muungano huo, lakini nachelea usifanywe kwa pupa ya umaskini, mgonjwa akatupwa kwenye foleni ya wote bila chumba cha kusemea siri yake. Akikosa chumba hicho, atanyamaza kama anavyonyamaza sasa.

Kwa walimu wakuu nina ombi dogo. Mwalimu yule huomba ruhusa mara mbili kwa mwezi, na kila mara hubuni msiba au kikao cha ukoo. Mpeni ruhusa bila kumdai sababu.